Asiyekuwepo na lake lipo: hesabu tunayoikosea darasa linapokutana tena

Darasa likikutana baada ya miaka 20 au 30, kuna sentensi moja isiyokosa kusemwa: darasa letu limefanikiwa. Anayeisema ameangaza macho ukumbini, ameona nguo, nyuso zenye afya na watu wanaocheka, akajumlisha. Jumla hiyo ina kasoro kubwa. Aliowahesabu ni wale waliopatikana, wakaalikwa, wakamudu mchango, wakawa na afya ya kusafiri, na wakaona hawana jambo la kuwaaibisha mbele ya wenzao. Kila hatua imechuja watu, na mchujo huo si wa bahati nasibu. Umewaacha nje hasa wale ambao maisha yamewapiga.

Chukua mfano wa darasa la wanafunzi 80 walioanza pamoja. Tuseme 12 waliondoka njiani, wakamaliza 68. Kamati imepata mawasiliano ya 50. Kati ya hao, 35 wameahidi kuja na 26 wamefika. Ukumbi umechangamka, na kila anayeshika kipaza sauti anazungumza kwa jina la darasa zima, ilhali waliomo hawafiki theluthi moja ya walioanza. Akitoka hapo mtu akajilinganisha na “wenzangu”, amejilinganisha na sehemu iliyobahatika zaidi. Akirudi nyumbani ameumia, ameumizwa na hesabu mbovu.

Methali inasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mikusanyiko ya namna hii nasema lake lipo, tena ndilo linalopaswa kutangulia kwenye meza ya kamati. Sehemu kubwa ya mchujo huo hutokana na maamuzi ya waandaaji wenyewe: wanatafuta watu namna gani, wanapanga mchango vipi, wanafungulia muziki kwa kiwango gani, na wanauliza maswali gani ukumbini. Yote hayo yanarekebishika.

Kazi huanza na orodha, na orodha huanza na swali: nani ni wa darasa letu? Kamati nyingi huchukua majina ya waliofanya mtihani wa mwisho kwa sababu ndiyo yanayopatikana kirahisi. Hapo kosa limeshafanyika kabla ya simu ya kwanza kupigwa. Aliyehama mwaka wa pili, aliyekatishwa masomo kwa kukosa ada, aliyepata mimba akaondolewa, aliyerudia darasa akaangukia kwenu, aliyeugua mwaka mzima asirudi: wote hao walikaa kwenye madawati yale yale, na mara nyingi ndio wanaokumbukwa zaidi. Msingi wa orodha uwe kitabu cha uandikishaji cha mwaka wa kwanza, kisha madaftari ya mahudhurio ya kila mwaka uliofuata. Shule ikiwa imepoteza kumbukumbu hizo, tumieni picha za darasa, vyeti vya michezo, ratiba za zamu na madaftari ya zamani yenye orodha za vikundi. Jina lolote linalojitokeza kwenye chanzo kimojawapo liingizwe, hata kama hakuna anayemkumbuka mwenye jina.

Iandikwe kwenye jedwali moja, wala si kwenye mazungumzo ya simu yanayosogea na kupotea. Safu zisipungue nane: jina lililotumika shuleni, jina la sasa, mkondo, mwaka wa kuingia na wa kutoka, mawasiliano, aliyethibitisha kwamba huyo ndiye mwenyewe, tarehe ya kuthibitisha, na hali. Kwenye hali kuna majibu manne tu: amepatikana, anatafutwa, amefariki, hataki kutafutwa. Safu ya aliyethibitisha hudharauliwa sana, na ndiyo inayookoa. Majina ya kawaida huzaa watu wawili watatu, na wapo matapeli wanaojipenyeza kwenye vikundi vya simu, wakajifanya mwanafunzi wa zamani na kuanza kuomba msaada. Swali moja linatosha kumchunguza mtu bila kumdhalilisha: mwaka wa pili ulikaa dawati moja na nani? Jibu lipelekwe kwa huyo aliyetajwa.

Kutafuta kunahitaji muda mrefu kuliko kamati zinavyodhani. Anzeni miezi 12 kabla. Kila anayepatikana apewe majina 3 ya kutafuta, na aulizwe baada ya wiki mbili. Anayepewa jina moja hulisahau, anayepewa 10 huona mzigo akaacha yote. Wagumu kupatikana ni wa aina tatu. Kuna waliobadilisha jina, wengi wao wanawake walioolewa. Hawa watafutwe kupitia ndugu zao waliosoma madarasa ya juu au ya chini. Kuna waliojulikana kwa jina la utani pekee, na hapo ndipo kitabu cha uandikishaji kinapokuwa na thamani. Na kuna wale waliotoka mapema, ambao hawana mtu wa darasa wanayewasiliana naye. Njia ya kuwafikia ni mtaa au kijiji walikotokea, na kwa kawaida hiyo ni safari, simu haitoshi. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kutangaza tarehe kwanza, ndipo utafutaji uanze. Tarehe ikishatangazwa, nguvu yote huhamia kwenye ukumbi na mavazi, na utafutaji huishia kwa walio rahisi kupatikana.

Mtu akipatikana, asiingizwe kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Kumwingiza kunaonyesha namba yake kwa kila aliyemo, pamoja na yule ambaye huenda alikuwa na sababu nzito ya kumkwepa tangu shuleni. Apigiwe na mtu mmoja aliyekuwa karibu naye, aelezwe ni akina nani waliomo, aachiwe achague. Akikataa, iandikwe kwamba hataki kutafutwa, na jina lake lisigawiwe tena kwa mtafutaji mwingine mwezi unaofuata.

Waliofariki wanahitaji uangalifu wa pekee. Mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz alionyesha mwaka 1825 kwamba hatari ya kufa kwa watu wazima hupanda kwa kuzidishana, na makadirio ya kawaida ni kwamba huongezeka maradufu kila baada ya takriban miaka 8. Maana yake ni kwamba kati ya umri wa miaka 30 na 50, hatari ya mwaka mmoja huwa imepanda zaidi ya mara tano. Darasa linalokutana kwa mara ya kwanza watu wake wakiwa na umri wa miaka 50 litakuwa na majina ya kusoma, na uvumi nao utakuwepo. Jina lisisomwe mpaka lithibitishwe na vyanzo viwili, kimoja kikiwa cha familia. Kumtangaza aliye hai kuwa amekufa ni jeraha lisilofutika kwa radhi ya kwenye kundi la simu. Familia iulizwe pia kama ingependa jina lisomwe, na litamkwe vipi. Usomaji wenyewe uwekwe mapema, kabla ya chakula na kabla watu hawajachangamka; ukiwekwa usiku unakatiza furaha, nusu ya watu wanakuwa nje, na marehemu anasomewa jina kwenye kelele.

Sasa fedha, mahali ambapo mchujo mkubwa kuliko yote hufanyika bila mtu kukusudia. Gharama za mkutano ni za namna mbili. Zipo zisizobadilika hata aje mtu mmoja: ukumbi, vyombo vya sauti, mpiga picha. Na zipo za kila kichwa, hasa chakula. Tuseme zisizobadilika ni 600 kwa kipimo chochote cha fedha, na za kila kichwa ni 10. Wakija 60, kila mmoja anadaiwa 20. Wakija 30, kila mmoja anadaiwa 30. Kamati inapiga hesabu kwa walioahidi, wanakuja nusu, pengo linafidiwa kwa kuwadai upya waliokwisha kulipa au kwa deni la mweka hazina. Mwaka unaofuata hakuna anayekubali kuwa mweka hazina. Dawa ni kupanga kwa nusu ya walioahidi, na kupunguza gharama zisizobadilika kwa ukali. Ukumbi wa kifahari ndio unaopandisha mchango, na mchango ndio unaoamua nani atasema “nina dharura siku hiyo”. Darasa la shule yenyewe, siku isiyo ya masomo, hugharimu kidogo na lina jambo ambalo hoteli haina: madirisha yale yale.

Utangazaji wa michango uachwe kabisa. Kuandika kwenye kundi la simu majina ya waliotoa na viwango vyao huwafukuza wasio nacho kimyakimya. Hawatapinga, wataacha tu kujibu. Mweka hazina na msaidizi mmoja wajue nani ametoa nini, kundi lijue jumla. Mwenye uwezo aruhusiwe kulipia wengine bila kutajiwa majina yao, na fomu ya kuthibitisha kuja iwe na chaguo la “nimeshalipiwa” ambalo halihitaji maelezo. Akaunti iwe na watia saini wawili. Nimesisitiza hili kwa sababu mikutano mingi ya darasa haifi kwa kukosa upendo, hufa kwa hesabu ambazo hazikusomwa.

Ukumbini penyewe, adui wa kwanza ni sauti. Maongezi ya kawaida kwa umbali wa mita 1 yana nguvu ya takriban desibeli 60. Muziki ukifika 80, watu huanza kupaza sauti, na kila anayepaza humlazimisha jirani yake apaze zaidi. Tabia hii ya kupandisha sauti kwenye kelele hujulikana kwa jina la Mfaransa Étienne Lombard, aliyeieleza mwaka 1911. Umri nao hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f na t. Kwa hiyo mtu wa miaka 55 husikia kwamba unazungumza, asijue unasema nini. Hutikisa kichwa, hutabasamu, kisha huondoka mapema. Waandaaji husema huyo alikuwa mpweke. La, hakusikia. Wekeni programu ya kupima sauti kwenye simu, mkae mezani mbali na spika, mhakikishe muziki pekee hauzidi maongezi. Saa mbili za kwanza zisiwe na muziki kabisa. Na meza ziwe ndogo: utafiti wa Robin Dunbar na wenzake uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba mazungumzo ya pamoja huhimili watu takriban 4, wakizidi hugawanyika. Meza ya watu 10 hutoa makundi mawili au matatu, na mtu mmoja katikati asiyekuwa wa kundi lolote.

Kuhusu lebo za majina, ambazo watu huzidharau kwa kusema “sisi tunajuana”: hamjuani tena kwa majina. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 392 waliomaliza sekondari nchini Marekani, wengine miezi michache tu kabla ya kupimwa, wengine karibu miaka 50. Walipopewa picha kuchagua nani alikuwa mwanadarasa wao kati ya wageni, walipatia kwa karibu asilimia 90 hata baada ya zaidi ya miaka 30. Walipoombwa wataje majina bila msaada, walikwama vibaya, na hata picha mkononi haikutosha kwa wengi. Uso unabaki, jina linatoroka. Ndiyo sababu ya ile aibu ya “nakujua sana, ila…” inayowafanya watu wakwepane. Lebo iwe na jina la shuleni juu kwa herufi za urefu wa sentimita 2, jina la sasa chini, na picha ndogo ya enzi hizo iliyokatwa kutoka picha ya darasa. Ibandikwe upande wa kulia wa kifua, ambapo jicho huelekea watu wanaposhikana mkono. Ikiwa ni ya kuning'inia shingoni, ichapwe pande zote mbili, kwa kuwa hujigeuza. Herufi ndogo hazifai: baada ya umri wa miaka 40 wengi hawaoni vizuri vitu vya karibu, na hakuna anayetaka kuvaa miwani ili asome kifua cha mtu.

Nakuja kwenye kumbukumbu, sehemu yenye utajiri kuliko zote na inayoharibiwa kwa urahisi kuliko zote. Miaka ya umri kati ya 10 na 30 hukumbukwa na watu wazima kwa wingi usio wa kawaida. David Rubin na wenzake waliliweka wazi jambo hilo mwaka 1986. Lakini wingi si usahihi. Mwaka 1962 Daniel Offer na wenzake waliwahoji wavulana 73 wa miaka 14 kuhusu nyumba zao, wazazi, nidhamu na hisia zao. Wakawapata tena 67 wakiwa na miaka 48, wakawauliza wakumbuke walivyojibu. Majibu yalilingana na yale ya zamani kwa kiwango kisichozidi kubahatisha. Bahrick alirudi mwaka 1996 na alama za sekondari za wanafunzi 99 wa chuo, jumla ya alama 3,220, akazilinganisha na kumbukumbu zao. Kwa jumla walipatia asilimia 71. Alama A zilikumbukwa kwa asilimia 89, alama D kwa asilimia 29, na walipokosea, mara nyingi sana walijipandisha. Hao hawakuwa waongo. Walikuwa vijana walioachana na shule muda mfupi uliopita. Mtu wa miaka 50 anayesema alikuwa wa tatu darasani anasimulia anachokiamini.

Juu ya hilo huja nguvu ya kundi. Fiona Gabbert na wenzake, mwaka 2003, waliwaonyesha watu wawili wawili tukio moja lililorekodiwa kwa pembe tofauti, kila mmoja akaona mambo ambayo mwenzake hakuyaona. Baada ya kuzungumza, asilimia 71 walisimulia kama walioona walau jambo moja walilolisikia tu kwa mwenzao. Sasa fikiria meza yenye msimuliaji hodari, yule ambaye tangu shuleni alikuwa na mdomo. Baada ya nusu saa meza nzima inakumbuka kisa chake, na toleo la mkimya aliyekuwepo limezikwa. Mary Susan Weldon na Krystal Bellinger walionyesha mwaka 1997 jambo jingine la kushangaza kidogo: watu watatu wakikumbuka kwa pamoja hutoa machache kuliko watatu hao wakikumbuka kila mmoja peke yake na majibu yao yakaunganishwa. Kila anayezungumza hukata uzi wa mwenzake.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Ipigeni picha ya darasa upya kwa skana kwa nukta 600 kwa inchi. Picha iliyopigwa kwa simu juu ya kioo cha fremu huacha mng'ao unaofunika nyuso. Chapeni kwenye karatasi ya A3, kisha muwekee kila uso namba, mkianza mstari wa nyuma kushoto. Tengenezeni karatasi nyingine yenye namba tupu. Kila anayefika, kabla hajaketi na wenzake, apewe picha na karatasi na dakika 15 za kuandika peke yake: jina analolikumbuka, na jambo moja tu aliloliona mwenyewe kuhusu huyo mtu. Kalamu, kimya, bila kuulizana. Karatasi zikusanywe. Hapo ndipo mazungumzo yafunguliwe, na baadaye karatasi zilinganishwe. Uso namba 31, wa pembeni aliyekatwa nusu na fremu, ambaye hakuna aliyemtaja kwenye kundi la simu kwa miezi yote hiyo, atakuwa ametajwa na watu wawili au watatu wasiojuana vizuri. Mmoja ameandika jina la kwanza, mwingine la babake, wa tatu ameandika kwamba alihama baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Unganisha vipande hivyo, umepata mtu wa kutafuta. Sijui shughuli nyingine ya mkutano wa darasa yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Linalofanyika badala yake ni kipaza sauti kuzungushwa, kila mmoja ajitambulishe: jina, kazi, familia, “mafanikio”. Hesabu yake ni rahisi. Watu 40 kwa dakika 3 ni dakika 120, saa mbili za kukaa na kutazama. Lakini hasara ya muda ni ndogo kuliko hasara ya pili. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba watu hujipima kwa kujilinganisha na walio sawa nao, na hakuna kipimo kikali kama mwanadarasa: umri ule ule, mwalimu yule yule, mtihani ule ule. Mtu haumizwi sana na utajiri wa mgeni. Huumizwa na wa aliyekuwa akimnakili hesabu. Kipaza sauti cha kazi na mafanikio kinageuza ulinganisho huo kuwa ratiba rasmi. Na hoja yenyewe ya kwamba mlianza sawa ni ya uongo. Dawati lilikuwa moja, lakini mmoja alirudi kwenye nyumba yenye taa na meza, mwingine alirudi kulea wadogo zake. Darasa liliwaweka sawa kwa saa chache za siku tu.

Wanaoogopa kuja kwa sababu ya mwonekano wao nao wapewe ukweli mmoja. Thomas Gilovich na wenzake, mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuaibisha na kuwaingiza kwenye chumba chenye watu. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliomo wameiona fulana hiyo. Walioiona walikuwa takriban robo. Uzito ulioongezeka, kipara, nguo ya kawaida: wenye navyo huviona mara mbili zaidi ya wengine. Maswali ya kipaza sauti, kama ni lazima kiwepo, yabadilishwe. Ulikaa dawati gani na nani? Nani alikusaidia ukafaulu somo lililokuwa likikushinda? Ni kitu gani tulichokifanya kwa pamoja unadhani watu wamekisahau? Mtu asiye na kazi anayajibu maswali hayo sawa na waziri.

Kuna suala ambalo kamati nyingi hulikwepa, nalo linaumiza: uonevu. Mwaka 2014 Ryu Takizawa, Barbara Maughan na Louise Arseneault walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto 7,771 waliozaliwa Uingereza mwaka 1958. Walioonewa na wenzao wakiwa na miaka 7 na 11 bado walionyesha athari katika afya ya akili na mahusiano wakiwa na miaka 50. Kwa hiyo jina la utani linalowachekesha watu 25 ukumbini linaweza kuwa sababu ya mmoja kutofika. Fomu ya kuthibitisha iulize waziwazi: ungependa lebo yako iandikwe jina gani, na kuna jina usilotaka kuitwa? Mshereheshaji apewe orodha hiyo mapema, na asisome visa vya adhabu au aibu ambavyo mwenyewe hajaviruhusu. Anayetaka kuomba radhi aombe faragha, kabla ya mkutano, kwa ujumbe mfupi unaotaja alichokifanya na usiodai jibu. Radhi ya hadharani humlazimisha aliyeonewa asamehe mbele ya watu wanaopiga makofi, na huo ni uonevu wa mara ya pili.

Walimu waalikwe, wasikalishwe meza kuu. Mwalimu aliyekuwa na miaka 25 akifundisha wa miaka 15 alionekana mzee. Baada ya miaka 30 ana 55 na wanafunzi wake wana 45, karibu marika. Wachanganywe mezani, na kila mmoja apewe nakala ya picha yenye majina.

Faida ya kweli ya kukutana naiona mahali ambapo haionekani kwenye picha za usiku ule. Jeffrey Hall alikadiria mwaka 2018 kwamba mtu mzima huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu aliyejuana naye tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 ili awe rafiki wa karibu. Siku ya shule ya saa 6, kwa siku 190, ni saa 1,140 kwa mwaka. Hata zikigawanyika kati ya watu wengi, mtaji huo umeshawekezwa, na utu uzima hautoi nafasi ya kuuwekeza tena. Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan, mwaka 2011, waliwaomba wasimamizi wa kazi mbalimbali watafute ushauri kwa watu ambao hawakuwa wamewasiliana nao kwa miaka isiyopungua 3. Ushauri huo ulikuwa na manufaa sawa au zaidi ya ule wa watu wao wa kila siku, kwa sababu waliopotezana walikuwa wamejifunza mambo tofauti huku imani ya zamani ikiwa haijafa. Mwanadarasa aliyekuwa fundi, muuguzi, mkulima au dereva kwa miaka 30 anajua mambo ambayo marafiki zako wa kazini hawayajui. Lakini hilo halitokei kwa kubadilishana namba usiku wa mkutano. Hutokea mtu akiuliza jambo mahususi ndani ya wiki chache. Kwenye karatasi ile ya picha ongezeni mstari mmoja: jambo ninaloweza kumsaidia mwenzangu, na jambo ninalohitaji kusaidiwa. Siku ya tatu baada ya mkutano, katibu awaunganishe watu wawili wawili kwa kufuata majibu hayo.

Ndani ya siku 7 hesabu zisomwe kwa kila mtu, pamoja na risiti. Waliokosa kufika wapigiwe mmoja mmoja na watu wa dawati lao, watumiwe nakala ya picha yenye majina, waulizwe kilichowazuia. Majibu yao yaandikwe bila majina, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha mchujo ulipofanyika: mchango, umbali, ugonjwa, tarehe, mtu fulani. Fedha iliyobaki iende kwenye nauli za kuwatafuta waliobaki kwenye safu ya “anatafutwa” kabla haijajadiliwa kwa jambo lingine lolote. Jedwali likabidhiwe watu wawili wasioishi nyumba moja, kila mmoja akiwa na nakala kamili iliyofungwa kwa nywila, walihakiki kila baada ya miezi 6, na mmoja akiachia jukumu amkabidhi mwingine kwa maandishi.